Taa nyekundu ya birika

Nilikuwa natoka Dodoma na Noah yangu. Nimeshapita Gairo, nakaribia Dumila, kila nikiachia mafuta kataa kekundu kenye picha ya birika, ka presha ya oil, kanawaka. Nikikanyaga, kanazima. Nikapaki pembeni, nikazima injini palepale, nikavuta kijiti cha kupimia oil: oil ipo, imefika alama ya juu. Hapo ndipo nikaogopa kweli. Oil ikipungua unaongeza tu. Ikiwepo halafu taa inawaka, ama swichi inayowasha taa inakudanganya, ama presha haipo.

Nikavutwa hadi Morogoro. Fundi kijana akasema, "Braza, weka oil nzito, itazima." Itazima taa, ugonjwa ubaki! Nikahamia kwa mzee mmoja asiyependa maneno. Akafungua swichi ya oil, akafunga geji ya presha kwenye tundu lake. Injini ya moto, sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), mshale chini ya PSI 5, kipimo cha presha. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika haukufika 20. "Shusha sampo," yaani bakuli la oil chini ya injini, akamwambia mwanafunzi wake.

Wavu wa kunyonyea oil ulikuwa umejaa silikoni, ile gundi ya kuzibia sampo. Vipande virefu vyeusi, kama tambi zilizoungua. Mwezi uliopita fundi mwingine alifungua sampo hiyo, akapaka silikoni kama anapiga plasta ukuta. Iliyozidi ikaingia ndani.

Tukaosha wavu kwa petroli, filta mpya, oil mpya. Silikoni safari hii nilipaka mwenyewe, uzi mwembamba, mzee akinisimamia, tukaiacha ikauke usiku kucha. Asubuhi geji ikasoma 15 sailensa, 45 kwenye 3,000.