Kuikaza enzaimu siyo kuiboresha

Kuna wazo naliona sana kwa watu wanaoanza kusoma haya mambo, kwamba ukitaka enzaimu bora (enzaimu ni protini inayoharakisha kazi za kikemia kwenye viumbe) basi ikaze kila mahali, isitetereke kwa joto wala asidi, kwisha habari. Si hivyo jamani. Enzaimu ili ifanye kazi lazima iwe na sehemu zinazocheza kidogo, ipokee kitu, ikibane, ikibadilishe, ikiachie. Ukiifunga kila kona unaweza kupata kitu kinachovumilia moto lakini kazini kimelala, na ukiilegeza mno inafumuka mapema. Swali la maana ni umegusa wapi.

Chukua papaini, ile enzaimu ya kukata protini inayotoka kwenye utomvu wa papai bichi. Ni mnyororo wa amino asidi 212, yaani vipande vinavyojenga protini, umejikunja ukatoa mapande mawili, katikati kuna ufa, na kazi yote inafanyika humo kwenye ufa, amino asidi iitwayo sisteini, namba 25 kwenye mnyororo, ikisaidiana na nyingine iitwayo histidini, namba 159. Sasa hiyo sisteini ibadilishe iwe amino asidi nyingine, serini, tofauti yao ni atomu moja tu, salfa inatoka oksijeni inaingia, umbo linabaki karibu vilevile ila kukata protini ndo basi tena. Imesimama vizuri tu na haifanyi kitu! Halafu nenda kwingine, kwenye vile vifungo vitatu vya salfa kwa salfa vinavyoishikilia, uvivunje, hapo hata umbo lenyewe linaanza kukuponyoka.

Peroksidesi, enzaimu ya mzizi wa horseradish (mmea wenye mzizi mkali), nayo ina ayoni mbili za kalsiamu, yaani atomu zenye chaji, ambazo hazishiki kabisa ile kemikali inayofanyiwa kazi, ila zikitolewa utendaji unashuka na joto linaimaliza haraka.

Ila mimi ninayoipenda zaidi ni rubisko aktivesi. Rubisko yenyewe, enzaimu inayonasa kaboni dayoksaidi kwenye usanisinuru, inahimili joto vizuri tu, lakini hii msaidizi wake anayeizibua ikikwama ndo laini, kwenye mimea mingi joto likipanda kidogo inaharibika na usanisinuru unashuka. Mwaka 2007 watafiti waliripoti aktivesi ya Arabidopsis, mmea mdogo unaotumika sana kwenye utafiti, waliyoibadilisha ivumilie joto zaidi, wakaiweka kwenye mmea, na mmea ukatengeneza chakula na kukua vizuri zaidi kwenye joto lililozidi kiasi, yaani hapo uimara haukula kazi hata kidogo, na Rubisko hata haikuguswa.