Maamuzi yanayofanywa ardhini: uzoefu wangu wa kuruka kwa mwavuli

Kila mgeni anayekuja kujifunza kuruka kutoka ndegeni huniuliza kwanza swali lile lile: je, mwavuli usipofunguka? Ni swali la haki, nami hulijibu kwa kirefu, kwa kuwa mtu asiyeelewa vifaa vilivyo mgongoni mwake hawezi kutulia akiwa futi 13,000 juu ya ardhi. Mimi ni mtu wa Pwani ya Kenya. Nilianza kujifunza Diani, nikaendelea Dubai nilipokwenda huko kutafuta riziki, na sasa nikiwa nyumbani hutumia siku zangu za mapumziko kuwasaidia wanaoanza. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaambia ana kwa ana.

Mkoba wa mrukaji una miavuli miwili, mkuu na wa akiba. Ule mkuu mrukaji hujifunza kuukunja mwenyewe, lakini wa akiba hukunjwa na fundi mwenye leseni, akautia lakiri yake, na kwa sheria za Marekani fundi huyo lazima aufungue, aukague na kuukunja upya kila baada ya siku 180 hata kama haukuguswa. Ndani ya mkoba kuna pia kifaa kidogo cha elektroniki kinachopima kanieneo ya hewa. Kinachojulikana zaidi kati ya hivyo, Cypres, kilitolewa na kampuni ya Airtec ya Ujerumani mwaka 1991, na toleo lake la warukaji wazoefu hukikata kitanzi kinachoufunga mwavuli wa akiba iwapo mtu angali anaporomoka kwa kasi ya mita 35 kwa sekunde anapofika karibu na futi 750. Chama cha warukaji cha Marekani, USPA, kilihesabu vifo 10 mwaka 2023 katika miruko iliyokadiriwa kupita milioni 3.6, na kwa miaka mingi sasa sehemu kubwa ya vifo hutokea chini ya mwavuli uliofunguka vizuri kabisa, mtu anapokata kona kali karibu na ardhi au anapong'ang'ania kutua mahali pasipofaa. Kwa hiyo mgeni akishanielewa kuhusu vifaa, humwomba ahamishie hofu yake kwenye maamuzi, kwa sababu hayo ndiyo yatakayomlinda au kumuumiza, na karibu yote hufanywa kabla ya ndege kupaa.

Uamuzi wa kwanza ni namna ya kuanza. Anayetaka kuonja tu ajiandikishe kuruka akiwa amefungwa kifuani kwa mwalimu, afurahie, arudi nyumbani na hadithi yake. Anayetaka kuwa mrukaji achukue mafunzo ya AFF, mfumo ulioanza Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambao mwanafunzi huruka na mwavuli wake mwenyewe tangu siku ya kwanza huku walimu wawili wakimshika huku na huku hadi anapoufungua. Mwanafunzi huvuta kitasa akiwa futi 5,500, akiwa ameporomoka kwa muda usiofika dakika moja, kisha hubaki peke yake na mwavuli, akiongozwa kwa redio kutoka chini. Leseni ya kwanza ya USPA, ya daraja la A, hudai miruko isiyopungua 25, na ningependa kila anayeanza aitazame idadi hiyo kama mwanzo wa darasa. Kuna jambo moja linalowahusu hasa wageni wa Diani, ambao wengi wao hufika kwa ajili ya kuzamia na kutazama matumbawe ya Kisite: aliyezamia na mtungi wa hewa asipande ndege ya kuruka hadi saa 24 zipite, kwa kuwa naitrojeni iliyoingia mwilini majini hugeuka mapovu mtu anapopanda juu haraka. Semeni ukweli mnapoulizwa, hata kama likizo inakwisha kesho.

Mafunzo ya ardhini huwachosha vijana, nami ndiyo ninayoyathamini kuliko yote. Mwanafunzi huning'inizwa kwenye mikanda iliyofungwa darini, huoneshwa picha za mwavuli uliosokoteka, uliopasuka au uliogoma kutoka mkobani, na kila picha inapobadilika lazima aamue: huu unaongozeka au hauongozeki? Kama hauongozeki, hutazama kitasa cha kulia, hukishika, hutazama cha kushoto, hukishika, kisha huvuta kile cha kulia kuutupa mwavuli mkuu na cha kushoto kuufungua wa akiba. Mwanafunzi awe ameamua kabla ya kufika futi 2,500, wala asijadiliane na nafsi yake chini ya hapo. Tunayarudia hayo hadi mikono inakwenda bila kuagizwa. Siku mwavuli wangu ulipofunguka ukiwa umejisokota na kuanza kunizungusha kwa nguvu, sikuwa na nafasi ya kufikiri. Mikono ilifanya ilichofundishwa darini, nikatua chini ya mwavuli wa akiba, na jioni hiyo nikampelekea fundi aliyeukunja zawadi yake, kama ilivyo desturi yetu.

Kuhusu hofu nitasema machache, maana wengi wamekwisha kuitungia maneno makubwa. Hofu huja, na inafaa isemwe. Mwanafunzi mmoja wa kike aliniambia tukiwa tayari ndegeni, "Mwalimu, mikono inanitetemeka." Nikamjibu, "Hata yangu ilitetemeka, dada. Vuta pumzi, kisha nieleze hatua ya kwanza mlangoni." Alinieleza ya kwanza, ya pili na ya tatu, na tulipofika juu alikuwa mtulivu kuliko wengine wote. Wanaonitia wasiwasi ni wale wanaonyamaza na kutabasamu, kwa sababu sijui ndani yao kunapita nini.

Sasa nifike kwenye upepo, ambao ningeuandikia kitabu kizima. Sisi wa Pwani tumelelewa na majina ya pepo, na mrukaji anayejifunza Diani hana budi kuyajua kama anavyoyajua nahodha wa jahazi. Kusi, inayovuma tangu karibu Aprili hadi Oktoba, hutoka baharini kusini mashariki. Ni upepo wenye nguvu lakini ulionyooka, kwa kuwa umesafiri juu ya maji bila kizuizi. Kaskazi, ya Desemba hadi Machi, kwa kawaida ni tulivu zaidi. Upepo wa kuuogopa ufukweni ni ule unaotoka bara, kwa kuwa hupita kwanza juu ya minazi na mapaa ya hoteli, ukavunjika na kuacha nyuma yake hewa inayopanda na kushuka bila mpangilio. Kanuni tunayofundishwa ni kwamba msukosuko huo hufika umbali wa mara 10 hadi 20 ya kimo cha kizuizi. Yaani safu ya minazi yenye urefu wa mita 20 inaweza kuvuruga hewa kwa mita 200 hadi 400, na ufuo wa Diani haufiki upana huo. Ongeza na maji. Wakati wa bamvua bahari hujaa hadi kuta za hoteli na ufuo wote ukatoweka, kisha baada ya saa chache hupwa na kuacha uwanja mpana wa mchanga mgumu. Ndiyo maana tunaotua ufukweni husoma jedwali la maji pamoja na utabiri wa hewa, na hupanga mahali pengine pa kutua kabla ya kuvaa mikoba.

Kwa wanafunzi USPA imeweka kikomo cha upepo wa maili 14 kwa saa, takribani kilomita 22, na wenye leseni wameachiwa kuamua wenyewe. Uhuru huo ndio mtihani. Asubuhi tunaweza kusubiri hadi adhuhuri, kibendera cha upepo kikiwa kimenyooka tu, na ifikapo saa nane mmoja anasema mbona hali si mbaya sana. Nilijifunza kutoka kwa wazee wetu kujiwekea kikomo changu kabla sijafika uwanjani, nikakiandika katika daftari la miruko, ili hamu yangu isipate nafasi ya kukisogeza. Huko Dubai, katika uwanja ulio jangwani, adui alikuwa mwingine: joto la adhuhuri hulegeza hewa, mwavuli ukatua kwa kasi zaidi kuliko asubuhi, na mchanga ukipata moto huinua vimbunga vya vumbi ambavyo vinaweza kuukunja mwavuli mtu akiwa karibu na ardhi. Nimewahi kushuka na ndege pamoja na rubani, mkoba ukiwa mgongoni, kwa kuwa nilitazama chini nikaona vumbi likizunguka mahali pa kutua. Hakuna aliyenicheka. Mrukaji wa Kihispania mwenye nywele nyeupe alinipokea, akanipa mkono, akaniambia kesho pia kuna ndege.

Njia ya kutua yenyewe haina siri. Kwa mwavuli wa mwanafunzi, futi 1,000 huwa umeufikia upande wa uwanja ukielekea unakokwenda upepo, futi 600 unakata kona ya kwanza, futi 300 unaukabili upepo, na kuanzia hapo hugeuki tena isipokuwa kwa kusahihisha kidogo. Miguu na magoti yawe pamoja. Ukiona unakwenda kutua nje ya uwanja, kubali mapema, uchague pengine palipo wazi, ukatue huko ukiwa umenyooka. Kutembea nusu saa na mwavuli begani hakujamvunja mtu mguu.

Maisha ya jumuiya ya warukaji kwa sehemu kubwa ni maisha ya kusubiri pamoja, na hilo huwashangaza wageni waliotarajia siku nzima ya mbio. Tunaketi kivulini, tunakunja miavuli, tunakaguana mikoba, tunabishana kuhusu mawingu. Kukaguana ni adabu ya msingi: kabla ya kuvaa, kabla ya kupanda na tena kabla ya mlango kufunguliwa, unamwomba jirani atazame pini zinazofunga mkoba wako, naye akiomba unamtazamia, hata akiwa ameruka miaka mingi kabla hujazaliwa. Daktari, dereva wa lori na mwanafunzi wa chuo huwa sawa pale. Desturi ya dunia nzima ni kwamba mtu akifanya jambo kwa mara ya kwanza anadaiwa bia. Pwani, ambako wengi wetu hatunywi pombe, deni hulipwa kwa soda, madafu na viazi karai, na jioni zetu zina raha ile ile. Mgeni asiondoke mara tu baada ya mruko wake. Abaki, ajifunze kukunja, aulize, kwa sababu mazungumzo ya jioni yamenifunza mengi ambayo sikuyapata darasani. Mwezi Februari mwaka 2006, warukaji 400 walishikana angani juu ya Udon Thani, Thailand, wakaunda umbo moja, na ninapowasimulia wanafunzi jambo hilo huwakumbusha kwamba kila mmoja wa wale 400 alipaswa kuamini kwamba wengine 399 wangefika mahali pao na kuondoka kwa wakati wao.

Katika mazungumzo hayo tunazungumzia pia ajali, bila kuficha na bila kumshitaki marehemu. Nimezika rafiki katika mchezo huu. Hakuna neno la kuipunguzia familia uchungu huo, na mtu asiyetaka kulifikiria jambo hili asianze.

Baada ya leseni huja vishawishi. Cha kwanza ni kamera: USPA inapendekeza uwe na miruko 200 kabla ya kuibeba, kwa sababu anayewaza picha husahau altimita, yaani kipimo cha kimo, na kamera ya kofia yaweza kunasa kamba. Vazi la mabawa nalo lina kiwango hicho hicho cha 200, na hilo ni sharti kamili. Kishawishi cha tatu, ambacho nakiona ndicho hatari zaidi, ni kununua mwavuli mdogo kwa sababu una kasi na unauzwa rahisi. Fanyeni hesabu. Mtu wa kilo 80 akivaa vifaa vya kilo 12 hufikia kilo 92, ambazo ni karibu ratili 203. Kwa mwenye daraja la A inashauriwa uzito usizidi ratili moja kwa kila futi ya mraba, kwa hiyo mtu huyo anahitaji mwavuli wa futi 210 hivi. Akiletewa wa 150 kwa bei ya kutupa, amuulize kwanza mwalimu aliyemwona akitua.

Mwisho nawataja ndugu zetu wanaofanya kazi Ghuba na Ulaya, wanaoanza kujifunza wakiwa likizoni na kurudi baada ya mwaka. Kwa kanuni za USPA, mwanafunzi asiyeruka kwa siku 30, na mwenye daraja la A asiyeruka kwa siku 60, hurudi kwanza chini ya uangalizi wa mwalimu. Msione haya kuyasema hayo mnapofika. Leteni daftari la miruko, mwandikieni mwalimu mapema ili atenge asubuhi moja ya mazoezi ya ardhini, na pangeni likizo iwe na siku za ziada, kwa kuwa mwenye tiketi ya kurudi kesho ndiye anayebembeleza aruhusiwe kupanda ndege upepo ukiwa umepita kiasi.