Murat, Salers, Aurillac: kuzunguka milima ya Cantal kwa baiskeli

Milima ya Cantal, kusini ya kati ya Ufaransa, ni mabaki ya volkano moja kubwa iliyozimika zamani sana. Mabonde yake yanatoka katikati na kutawanyika kila upande, na hilo ndilo linalopanga safari nzima: ukifuata bonde unapanda taratibu, ukitaka kuhamia bonde la pili lazima uvuke mgongo, na kazi iko kwenye mgongo. Kimo hakitishi. Pas de Peyrol, mahali lami inapofika juu kuliko kwingine kote katika nyanda za Massif Central, pana karibu mita 1,590 tu kutoka usawa wa bahari. Nairobi iko juu zaidi ya hapo. Kinachomaliza watu ni mwinuko wa asilimia 11 na 12 unaokungoja mwishoni, na maduka yaliyofungwa.

Nilianzia Murat, mji mdogo wenye stesheni kwenye reli ya Clermont-Ferrand na Aurillac. Kutoka Paris, treni ya Clermont-Ferrand huondokea stesheni ya Bercy na huchukua zaidi ya saa tatu. Nafasi ya baiskeli huwekwa mapema pamoja na tiketi. Treni ya pili ni ndogo, baiskeli huning'inizwa kwenye ndoano kwa gurudumu la mbele, na ndoano zenyewe ni chache. Vua mifuko yote ungali jukwaani, maana baiskeli yenye mzigo huwezi kuinyanyua ndani ya behewa linaloyumba. Angalia pia kama siku hiyo reli iko kwenye matengenezo: treni ikibadilishwa na basi, mara nyingi dereva hapokei baiskeli nzima.

Uelekeo una maana kubwa. Mimi nilipanda Pas de Peyrol kutoka Murat, upande wa mashariki, na kuteremkia Salers. Upande huu mpando umegawanyika vipande: kwanza Col d'Entremont ("col" ni mahali barabara inapovuka mgongo wa mlima), mita 1,210, halafu unashuka hadi kijiji cha Dienne, kisha barabara ya D680 inafuata bonde pana kupita Lavigerie hadi Col de Serre. Baada ya hapo unapata nafuu kidogo, ndipo kilomita mbili za mwisho zinapokaza. Murat hadi juu ni kama kilomita 23. Anayetaka kupimana nguvu na wanamashindano aende kinyume, atokee Salers: kilomita 5.4 za mwisho zina wastani wa asilimia 8.1, na ndani yake zaidi ya kilomita mbili za mwisho hazishuki chini ya asilimia 11 kwa wastani. Mashindano ya baiskeli ya Tour de France yalimalizia hapo mwaka 2020, na mwaka 2024 yalipita tena yakielekea Le Lioran.

Kwa mwinuko wa namna hiyo gia ndiyo jambo la kwanza. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 85 kwa pamoja, kwenda kilomita 8 kwa saa kwenye asilimia 11 kunadai zaidi ya wati 210. Ukiwa na meno 34 mbele na 32 nyuma, mwendo huo ni mizunguko 59 hivi ya pedali kwa dakika. Kizito, lakini magoti yanavumilia. Ukibaki na gia za zamani za mashindano, 39 mbele na 25 nyuma, mizunguko inaanguka hadi 40, unaanza kuvuta usukani kushoto na kulia, na gurudumu la nyuma linateleza kila unaposimama juu ya pedali kwenye lami yenye umande. Mwenye mzigo wa kilo nane au kumi afunge 34 kwa 36 bila aibu.

Tairi nilizotumia ni za milimita 28, upepo wa bar 5 hivi kwa mtu wa kilo 75. Zaidi ya hapo mikono inakufa ganzi, kwa sababu lami ya barabara hizi ndogo si laini. Wafaransa huzikarabati kiangazi kwa kumwaga lami ya moto, kutandaza kokoto ndogo juu yake na kuyaachia magari kazi ya kuzishindilia. Kabla hazijashikana utakuta kibao kimeandikwa "Gravillons", yaani kokoto. Kichukulie kwa uzito. Kokoto husukumwa na magari hadi zikajipanga katikati ya barabara na upande wa nje wa kona, kwa hiyo pita kwenye mkondo wa matairi, punguza mwendo kabla ya kona wala si ndani yake, na usilaze baiskeli. Ukitoka hapo simama, geuza gurudumu polepole ukiangalia tairi: kokoto zenye lami hunasa, ncha ikiwa nje, na kila mzunguko huzisukuma ndani zaidi. Zing'oe kwa ncha ya bisibisi. Ukiziacha, pancha itakupata kilomita kumi mbele, kwenye mteremko. Mwisho wa kiangazi kuna adui mwingine, miiba ya nyua zilizofyekwa kando ya barabara. Beba tyubu mbili, viraka na solusheni, kiungo cha akiba cha cheni, na kile kipande cha alumini kinachoshika kibadilisha gia cha nyuma. Kipande hicho hutofautiana baiskeli kwa baiskeli, na dukani huenda usikipate hata Aurillac, mji pekee mkubwa wa njia hii.

Juu Pas de Peyrol pana mgahawa na magari mengi. Julai na Agosti, kuanzia saa nne asubuhi, msongamano wake unachosha kuliko mlima, hivyo inafaa uwe umeshavuka kabla ya saa tatu. Njia ya ngazi inaendelea hadi kilele cha Puy Mary, mita 1,783, kama nusu saa kwa miguu; viatu vya baiskeli vyenye kibao cha pedali chini havifai kabisa pale. Wakati wa baridi barabara yote hufungwa kwa theluji, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Mei. Miezi mizuri ni Juni na Septemba.

Kuteremka kwenda Salers kunahitaji akili kuliko kupanda. Kilomita za kwanza ni zile asilimia 12, kisha unaingia msituni ambako jua halifiki na lami hukaa na unyevu hadi mchana. Breki zishikwe kwa nguvu na kwa muda mfupi, kisha ziachiwe zipoe. Mwenye rimu za kaboni na breki za mpira awe macho zaidi, kwa maana kuburuza breki mfululizo hupasha rimu joto hadi ikaharibika. Vaa koti la upepo na glovu ungali juu, kabla jasho halijapoa. Vidole vikishakufa ganzi huwezi tena kupima nguvu ya breki. Chini ya msitu mteremko unakwisha na kabla ya Salers unapanda tena karibu mita 90 hadi Col de Néronne, mita 1,242. Wengi husahau hizo mita 90, na huwa wameshamaliza maji.

Nyanda zilizo juu ya Salers ni za ng'ombe wekundu wenye pembe zilizopinda juu. Hawana haraka na barabara wanaiona yao. Ukiwakuta, simama, pita kwa miguu upande ambao hakuna ndama, na usipige kengele. Kinyesi chao kikilowa huteleza kama sabuni. Jibini la Salers hutengenezwa kati ya tarehe 15 Aprili na 15 Novemba pekee, wakati ng'ombe wako malishoni. Mjini Salers kwenyewe nyumba ni za mawe meusi ya volkano, na barabara za ndani ni za mawe pia: shuka, sukuma. Jioni kula truffade, viazi vya kukaanga vilivyochanganywa na jibini bichi na kitunguu saumu. Kwa kazi ya kesho yake sijaona chakula bora. Mchana ni mwiko, hutapanda mlima wowote baada yake.

Kutoka Salers unaporomoka hadi Fontanges, penye kanisa dogo lililochongwa ndani ya mwamba, kisha D35 inavuka hadi bonde la Bertrande na kupanda Col de Légal, mita 1,231. Hapa ndipo penye utulivu wa kweli. Baada ya Légal barabara inabaki juu ya mgongo, bonde kulia na bonde kushoto, ikishuka kidogo kidogo hadi Aurillac. Tatizo la mgongo ni upepo wa magharibi na mvua inayokuja nao. Aurillac ni maarufu kwa kutengeneza miavuli, nawe utaelewa kwa nini. Ngurumo za kiangazi huja alasiri. Ukiona mawingu yanarundikana saa saba, teremka bondeni.

Habari ya chakula na maji ipangiwe kama unavyopanga kilomita. Vijijini duka hufungwa kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa, Jumapili alasiri hakuna kitu, na Jumatatu waoka mikate wengi hupumzika. Mgahawa ukifika saa nane mchana, jiko limeshafungwa. Maji ya bomba la kijiji hunyweka isipokuwa pameandikwa "eau non potable", yaani maji yasiyonyweka. Pasipo na bomba, nenda makaburini, kwani mara nyingi lipo la kumwagilia maua. Vijijini pia, pasipo na alama, gari linalotoka kulia lina haki ya kupita kwanza hata kama linatoka kichochoro. Nje ya miji usiku au kwenye ukungu sheria inadai kizibao cha reflekta, na ukungu wa Cantal huja bila hodi.

Kutoka Aurillac D17 inafuata mto Jordanne hadi Mandailles, kama kilomita 25 za kupanda usizozihisi. Hapo chagua: kushoto unarudi Pas de Peyrol kupitia Col de Redondet, kulia ni Col de Pertus. Nilipita Pertus. Ni kilomita 4.4 za wastani wa asilimia 7.9, lakini wastani unadanganya, mpando unabadilika ghafla na gia zibadilishwe kabla ya kona, cheni ingali na nafasi. Upande wa pili barabara ni nyembamba, trekta likija mmoja lazima asimame. Unatokea Saint-Jacques-des-Blats kwenye barabara kuu ya N122, yenye malori. Vumilia kidogo, kisha ingia D67 kuvuka Col de Font de Cère badala ya kukaribia handaki la magari chini ya mlima. Ukishateremka hadi Le Lioran pana stesheni. Kukiwa na mvua au giza linaingia, panda treni hadi Murat, maana kilomita kumi na mbili hivi zilizobaki ni za N122 ile ile, na magari yanayoteremka hapo hayapunguzi mwendo.