Nilivyomtembeza Mama Las Vegas Bila Kugusa Kamari

Wazazi wetu wakija kututembelea huku Marekani, wengi wao huishia sebuleni. Wanakuja kwa miezi mitatu, minne, hata sita. Sisi tunatoka alfajiri kwenda kazini, watoto wanakwenda shule, na mzee anabaki na televisheni inayozungumza lugha asiyoielewa, wala hakuna jirani wa kumpigia hodi. Mama yangu alipokuja Phoenix kutoka Tanga niliapa hilo halitampata. Msikitini nilimpeleka, sokoni nilimpeleka, kwenye harusi za wenzetu ndiyo usiseme. Oktoba, shule za Arizona zilipofunga kwa mapumziko mafupi, nikataka aone kitu cha kumshangaza hasa. Kwa mtu wa Phoenix, kitu cha namna hiyo kiko mwendo wa saa tano kwa gari: Las Vegas.

Wenzangu walinishangaa. Mama ni mtu wa sala tano, amesomesha watoto chuoni tangu mimi sijazaliwa. "Utampeleka bibi wa watu kwenye mji wa kamari?" shoga yangu mmoja aliniuliza. Mama mwenyewe sikumficha. Nilimweleza kwamba jimbo la Nevada lilihalalisha kamari mwaka 1931 na kwamba mahoteli makubwa ya pale yameinuka kwa pesa hiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna kingine cha kutazama. Nikamwambia kipo, tena kingi, na sehemu kubwa ni bure.

"Basi twende tukatazame, mwanangu. Nani atanishika mkono anichezeshe?"

Kazi kubwa ilikuwa malazi. Las Vegas hoteli nyingi zimepangwa kwa namna moja: kutoka mlangoni mpaka kwenye lifti lazima ukatize ukumbi wa kamari. Ukienda kula unapita humo, ukirudi kulala unapita humo. Tena sheria ya Nevada inaruhusu sigara ndani ya kumbi hizo, na Mama ana kifua. Sikutaka kila akitoka chumbani avute moshi na kupita katikati ya mashine zinazolia. Nikatafuta hoteli zisizo na kasino. Zipo, ingawa hazitangazwi sana. Sisi tulichagua Vdara, iliyofunguliwa mwaka 2009. Haina kamari, haina sigara, na vyumba vyake vina friji na sehemu ndogo ya kupashia chakula. Kubwa zaidi, ina njia ya miguu ya kwenda hoteli ya Bellagio iliyo jirani, na kando yake kuna kituo cha treni ndogo ya bure inayokwenda hoteli za Aria na Park MGM. Kwa mtu mwenye magoti ya Mama, treni hiyo ilikuwa rehema.

Bei ya chumba pia inataka macho. Mahoteli mengi ya pale huongeza juu ya bei ya chumba ada ya lazima ya kila usiku, na kwa miaka mingi wageni walikuwa wakikutana nayo mwishoni kabisa mwa malipo. Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali kuu ya Marekani inawalazimu waoneshe bei pamoja na ada hiyo tangu mwanzo, lakini kodi bado inaweza kuja baadaye, kwa hiyo angalia jumla ya mwisho kabla hujalipa. Maegesho nayo hulipiwa katika hoteli nyingi. Tulikwenda Jumatatu mpaka katikati ya wiki, kwa sababu Ijumaa na Jumamosi chumba kilekile hupanda bei vibaya sana. Novemba pia niliikwepa, maana tangu 2023 mbio za magari za Formula 1 hukimbizwa barabarani palepale, na mji mzima hufungwa vizuizi.

Safari yenyewe niliihesabu kuwa sehemu ya matembezi. Barabara ya kutoka Phoenix inapita Kingman, kisha inavuka mto Colorado kwa daraja refu lililo mbele ya bwawa la Hoover. Ukishavuka tu unaingia Nevada, na njia ya kushukia bwawani iko hapo. Bwawa lilijengwa kati ya 1931 na 1936, lina kimo cha mita 221, na kutembea juu yake ni bure, unalipia maegesho. Mama ameishi karibu na Hale, anajua umeme wa maji ni kitu gani, tangu mitambo ya Pangani. Aliegemea ukuta akachungulia chini kimya, kisha akataka kujua zege yote ile waliipandishaje. Watoto wao walivutiwa na minara miwili iliyo majini: mmoja una saa ya Arizona, mwingine saa ya Nevada. Arizona haisogezi saa, kwa hiyo majira ya baridi minara hiyo hupishana kwa saa moja. Oktoba bado zilikuwa sawa, jambo lililonifaa pia, kwani hatukuhitaji kubadili saa wala kuchanganyikiwa na vipindi vya sala. Upande wa ziwa, miambani, kuna mstari mpana mweupe unaoonesha maji yalikuwa yakifika wapi zamani. Mama aliuona, akauulizia, na jibu lake alikuja kulihitaji usiku ule.

Kwa sababu usiku ule nilimpeleka kwenye chemchemi za Bellagio. Nimeishi Marekani muda mrefu na sijaona burudani ya bure inayoikaribia hii. Ni ziwa la ekari nane mbele ya hoteli, na ndani yake kuna mabomba zaidi ya 1,200 yanayorusha maji kwa kufuata muziki. Mengine hucheza kiunoni, yakizunguka na kuinama pamoja kama wanawake kwenye mstari wa taarabu. Mengine hulipuka ghafla kwenda juu, yaliyo na nguvu kuliko yote hadi mita 140. Yamekuwa yakifanya hivyo tangu Oktoba 1998. Mchana huchezwa kila nusu saa, usiku kila robo saa mpaka saa sita. Nilimsogeza Mama kwenye ukuta mapema kabla watu hawajajaa, akaweka viwiko vyake juu ya jiwe. Muziki ukaanza. Maji yalipolipuka mara ya kwanza alisema "Allahu Akbar" kwa sauti, na mzungu aliyesimama pembeni yetu akacheka naye kwa furaha. Hakutaka kuondoka. Tuliangalia moja, tukaangalia la pili, watoto wakaanza kuchoka, yeye bado.

Katikati ya mapumziko ndipo akauliza: "Haya maji yanatoka wapi, na huku ni jangwa? Kule tulikopita ziwa limeshuka."

Ni swali zuri, na ninafurahi nilikuwa nimejiandaa. Maji ya ziwa la Bellagio hayatoki mto Colorado. Yanatoka kwenye kisima cha zamani kilichomwagilia uwanja wa gofu wa hoteli iitwayo Dunes, iliyokuwa pale kabla ya Bellagio. Maji ya mji wenyewe ndiyo kwa asilimia kama 90 hutoka Colorado, kupitia lile ziwa tulilolipita, na yanayotumika ndani ya majengo husafishwa na kurudishwa ziwani. Mama aliridhika, lakini si kabisa. Alisema mtu aliyebeba ndoo kichwani hawezi kuona maji yakirushwa hewani bila moyo kumpiga. Nami nakubaliana naye, nikiwa pale pale naona ni kitu kizuri mno.

Kuhusu kukatiza kasino, kuna sehemu usizoweza kuzikwepa. Ndege wa hoteli ya Flamingo, kwa mfano, wako bustanini nyuma, na sisi tuliingilia mbele. Nilimwambia Mama nje kabla hatujaingia. Akasema, "Njia ni njia, mwanangu. Hatukai." Sheria nayo iko hivyo kwa watoto: aliye chini ya miaka 21 anaruhusiwa kupita, haruhusiwi kusimama kwenye mashine. Nilimshika mmoja mkono huku, mwingine kule, tukapita bila kutua. Ukisimama hata kupiga picha, mlinzi atakuja kukuambia usogee, kwa adabu lakini atakuja.

Na kule nyuma kuna heroe! Wanasimama kwenye maji kwa mguu mmoja, weupe kwa waridi, pamoja na bata, kobe na samaki wakubwa wa rangi ya dhahabu. Hoteli ilifunguliwa Desemba 1946, nayo ndiyo ya zamani kuliko zote zilizobaki zikifanya kazi kwenye barabara kuu ya Las Vegas. Heroe wake ni wa jamii ya Chile. Mama yangu, Mtanzania, ambaye nchi yake ina Ziwa Natron wanakozaliana heroe wengi wa Afrika Mashariki, hakuwahi kumwona heroe kwa macho yake mpaka alipofika Nevada. Kutoka Tanga hadi Natron ni safari ya watu wenye pesa ya kutembea. Alikaa kwenye benchi akiwatazama karibu asubuhi nzima, na mimi nikafuta mipango mingine yote ya asubuhi ile.

Hapo ndipo niseme jambo la miguu. Barabara kuu ya Las Vegas ina urefu wa karibu kilomita saba, na majengo yake ni makubwa kiasi kwamba jicho linakosea umbali. Unaona hoteli iko palepale, unaianza, dakika ishirini zimepita hujafika. Makutano mengi makubwa hayavukwi chini, unapanda daraja. Mengi ya madaraja yana lifti, lakini wakati mwingine itakubidi uitafute. Mama alikikataa kiti cha magurudumu; nilipendekeza mara moja tu, sikurudia. Badala yake tulipanga siku kwa namna hii: sehemu moja asubuhi, kurudi chumbani kabla ya Adhuhuri, kula, kusali, kulala kidogo, kisha kutoka tena taa zikiwaka. Akiwa msafiri alikuwa akikusanya Adhuhuri na Alasiri na kufupisha, kwa hiyo mchana ulikuwa na nafasi. Kwa umbali mrefu tulipanda basi la ghorofa la mji, linaloitwa Deuce, linalopita barabara hiyo usiku na mchana. Nunua tiketi ya saa 24, ushuke na kupanda upendavyo. Julai ningefanya haya kwa namna nyingine kabisa, au nisingefanya. Julai 2024 joto la pale lilifika karibu nyuzi 49.

Kitu kingine ni watu wa njiani. Mama hawezi kumpita binadamu bila kumsalimu, na pale barabarani anayekusogelea kwa tabasamu mara nyingi ana la kuuza: tiketi za bei nafuu ukikubali kusikiliza mauzo ya nyumba za likizo, au picha na mtu aliyevaa mavazi ya katuni, ambaye ukishapiga atadai chake. Nilimwomba awasalimie kwa mkono kifuani bila kusimama. Akawa anafanya hivyo mji mzima, na wengi walimrudishia vilevile, mkono kifuani.

Chakula nilikihofia bure. Las Vegas ina Wahabeshi wengi, wanaofanya kazi mahotelini na kuendesha teksi, na mwaka 2023 serikali ya wilaya ya Clark iliutambua rasmi mtaa wao kwa jina la Little Ethiopia, nje kidogo ya barabara ya taa. Tulipata mgahawa wa Waislamu. Injera, mkate wao mwembamba, ilipoletwa Mama aliishika, akainusa uchachu wake, akasema, "Hii si chila?" Alikula akamaliza, mwenye mgahawa akaongeza bila kutuuliza.

Bustani ya ndani ya Bellagio ni bure na hubadilishwa mara tano kwa mwaka. Sisi tulikuta vuli, maua na maboga makubwa mno. Dari ya ukumbi wa jirani ina maua ya vioo kama 2,000 yaliyotengenezwa na msanii wa vioo Dale Chihuly. Kwenye hoteli ya Venetian kuna mfereji wenye mitumbwi ndani ya jengo, chini ya dari iliyochorwa mbingu isiyochwa, na Mama alitazama saa yake mara mbili kuhakikisha Magharibi haijampita. Mtaa wa Fremont sikumpeleka. Paa lake la taa ni la ajabu, lakini usiku wasanii wengi pale hawajavaa nguo za kutazamwa na bibi akiwa na wajukuu.

Pesa yetu tuliitumia kwenye High Roller, gurudumu la kupanda watu lenye kimo cha mita 168, lililofunguliwa 2014. Mzunguko mmoja ni nusu saa. Tiketi za mchana ni nafuu kuliko za usiku, na vyumba vingine vina baa ndani, hivyo eleza mapema kwamba unataka cha kawaida. Tulipanda jua likizama, tukapata milima ikiwa myekundu, kisha mji ukiwaka. Upande wa mashariki kuna Sphere, duara la mita 112 kwenda juu lililofunguliwa Septemba 2023, ngozi yake yote ya nje ni taa. Lilikuwa uso, likageuka mwezi, likageuka mpira. Ndani sikumwingiza, kwa sababu viti vyake vimepanda mwinuko mkali na tiketi ni ghali. Kutoka juu pale tuliliona lote.

Mama anaondoka Januari. Kabla hajaondoka anataka kuona Red Rock Canyon, magharibi ya Las Vegas, ambako kuna barabara ya mzunguko ya maili 13 isiyomtaka mzee ashuke garini kama hajisikii. Kuanzia Oktoba mpaka Mei lazima uweke nafasi ya saa ya kuingia mtandaoni. Yetu nimeshaiweka, asubuhi, siku ya kazi.