Kwenda kwa kusi, kurudi kwa kusi

Mapaja yananiuma mpaka ngazi nashuka kinyumenyume, kwa hivo naandika nimelala, simu iko juu ya uso, makosa mtanisamehe.

Basi Ijumaa baada ya swala nlifunga hema, jiko dogo la gesi, maji lita 5 na nguo mbili kwenye keria ya baiskeli nkatoka Malindi, huku pwani ya Kenya, kwenda Ngomeni. Mamangu alisimama mlangoni ananitazama nakaza kamba, kisha akaniuliza pole pole kabisa, "Mwanangu, nauli ndo huna?" Sasa utamweleza vipi mtu mzima kwamba kuna raha kujitesa kwenda mahali gari zafika. Nkamwambia ni mazoezi. Akasema haya, akaniombea dua, akarudi jikoni.

Mjue huu ni mwezi wa saba, kusi yenyewe hasa, ule upepo wa kutoka kusini, ile ya kubamiza madirisha usiku. Na mimi naelekea kaskazini, yaani upepo wote uko mgongoni. Kuvuka daraja la Sabaki nlikuwa kwenye gia ambayo sijawahi kuigusa tangu niinunue hii baiskeli, shati limejaa kama tanga, pedali zaenda zenyewe, na hapo ndo nkaanza kujiona. Wallahi nlidhani ni mimi. Nkawa napiga hesabu kichwani, kwa mwendo huu mbona hata Lamu ni siku mbili tu, kwani watu huogopa nini.

Mambrui nkasimama kula mahamri kwa mbaazi. Kitoto kimoja kikaona helmeti na mabegi kikanipigia kelele "Ciao!", kilidhani ni mtalii wa Kiitaliano, nlipomjibu kwa Kiswahili nkamuuliza kwao ni wapi alinuna, maana alijua hapa switi hamna. Bahari pale ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Huo ni udongo wa mto Sabaki, kusi yausukuma upande wa Mambrui na Ngomeni, ikija kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, wateremka kwetu Malindi, ndo maana ufuo wetu umejaa mchanga vile.

Gongoni ukaacha lami, mambo yakabadilika. Ni mashamba ya chumvi, maji ya bahari yanafungiwa kwenye mabwawa mapana, jua na upepo vinayanyonya mpaka ibaki chumvi tupu, halafu marundo meupe yamepangwa kama milima ya watoto. Mti wa kukinga upepo hakuna. Midomo ilikuwa ya chumvi hata sijaonja kitu. Pancha mbili, zote miiba. Sehemu za mchanga nlikuwa nakokota baiskeli kama mbuzi aliyekataa.

Ngomeni nlifika jua lishainama nkaenda kuomba ruhusa kwanza, manake huwezi kujitupia hema tu kwenye ardhi ya watu, nkaelekezwa kwa mzee mmoja mvuvi aliyekuwa ashona nyavu. Nlimpa shikamoo, akanionyesha mahali nyuma ya kichuguu cha mchanga. Halafu akakaa kunitazama nafanya kazi. Kigingi cha kwanza nikakipigilia, kikachomoka. Cha pili vivyo hivyo. Hema likaruka nkalikimbilia, nkalikalia. Mzee kimya. Mwisho akaniambia, "Mwanangu, mchanga haushiki msumari. Mchanga wataka nanga." Akaniletea viroba vinne vitupu, tukavijaza mchanga, tukafunga kamba, tukachimba tukavifukia hadi magotini. Hema likakaa. Miaka yote hii nanunua vifaa mitandaoni kumbe dawa ni kiroba cha unga.

Jioni tulikaa pale kwa kahawa, mbele yetu baharini kuna zile jukwaa za chuma za San Marco, za Waitaliano, zimesimama kwa miguu yake majini. Roketi za kupeleka setelaiti zilirushwa pale kuanzia 1967 mpaka 1988. Tarehe 12 Desemba 1970 waliirusha setelaiti ya kuchunguza miale ya eksirei angani, na kwa vile ilikuwa sikukuu ya uhuru wetu wakaiita Uhuru. Jina la Kiswahili lilipita angani mimi sijazaliwa. Na sababu ya kuchagua huku ni ikweta: dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na ukikaribia ikweta ndo kasi yake kubwa, basi roketi ikielekea mashariki yapata msukumo wa bure. Nkamwambia mzee, kumbe hata roketi yabebwa na kusi yake. Akacheka, akasema ila roketi hairudi Malindi.

Hapo ndo nkamuuliza ya kurudi. Akaniuliza na yeye, kwani kaskazi yaja lini? Nkasema Desemba huko. Akasema haya, vyombo vya Arabuni vilikuwa vikingoja hivohivo, vikija kwa kaskazi vikirudi kwa kusi. Nkamwambia mzee mimi Jumatatu niko kazini. Basi, akasema, toka na umande, ule upepo wa nchi kavu wa alfajiri, kabla jua halijapanda kusi huwa imelala lala. Saa kumi na moja uwe njiani.

Sasa usiku ule nani alilala? Hema lilipiga kelele kama mtu anakung'uta mkeka masikio yote mawili. Mchanga ukaingia mpaka kwenye sima. Usingizi ulinipata baada ya adhana ya alfajiri, nkaamka saa tatu, kusi ishavaa viatu.

Kurudi sina la kujivunia. Gia ndogo kabisa, kichwa chini, nikiacha kukanyaga baiskeli yasimama, sio polepole, yasimama pu! Ile njia niliyoimba nayo jana nliihesabu nguzo moja moja. Karibu na Sabaki mzee mmoja kwenye baiskeli ya mamba, ile nzito ya chuma, gia hana, magunia mawili ya makaa nyuma, akanipita. Akapita kabisa! Ameinama kifua kimegusa usukani, hana haraka, akasema "pole kijana" bila kugeuka. Nlijaribu kujificha nyuma ya magunia yake nipunguze upepo, nkaweza labda dakika kumi.

Nyumbani nlifika magharibi. Mamangu hakuuliza kitu, alinipa maji tu.

Hema nimelianika uani likauke, na vigingi sikuvitafuta, nimelifunga kwa viroba viwili vya mchanga. Lapigapiga tangu asubuhi, na mama keshauliza mara mbili hiyo kelele itakwisha lini.