Kabla hujalipa ada ya komyuniti koleji, mwulize atakayekipokea cheti

Wabongo wengi tunaofika Texas kwa grini kadi au kwa ndoa tunaanzia palepale: cheti kifupi cha CNA (msaidizi wa nesi), kazi ya kuhudumia wazee, zamu za usiku. Baada ya muda mtu anasema sasa nataka kusoma unesi kamili, na njia ya bei nafuu ni komyuniti koleji, yaani chuo cha umma cha miaka miwili. Uamuzi huo nauunga mkono kwa moyo wote. Kinachoniumiza ni kuona watu waliojinyima usingizi ili walipe ada wakimaliza na cheti ambacho mlango unaofuata haukitambui. Nao siku ya kujiandikisha waliuliza swali ambalo yeyote kati yetu angeuliza: "Chuo kimesajiliwa?" Wakaambiwa ndiyo, na jibu lilikuwa la kweli.

Nyumbani swali hilo linatosha. Chuo kikuu unakiulizia TCU, chuo cha kati unakiulizia NACTVET. Ni vyombo vya serikali, vina orodha, unaangalia na kazi imekwisha. Marekani hakuna chombo cha namna hiyo. Wizara ya Elimu ya shirikisho haitoi ithibati, yaani uthibitisho kwamba chuo kimekaguliwa na kinafikia viwango, kwa chuo chochote. Inayoitoa ni mashirika binafsi, na yale makubwa wanachama wake ni vyuo vyenyewe. Wizara huyatambua mashirika hayo kwa sababu inagawa fedha za masomo, na inataka zifike kwenye vyuo vilivyokaguliwa. Ndiyo maana chuo kisicho na ithibati ya shirika linalotambuliwa hakiwezi kumpa mwanafunzi wake msaada wa Pell, fedha za shirikisho za masomo zisizorudishwa. Kwa mwaka wa masomo 2024/25 kiwango cha juu cha Pell kilikuwa dola 7,395, na mwenye grini kadi au mkimbizi aliyepokewa rasmi anaruhusiwa kuuomba, ila mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, haruhusiwi. Ukumbuke pia kwamba Pell ina kikomo cha maisha, sawa na mihula 12. Chuo kibovu kinakula sehemu ya mihula hiyo.

Mashirika haya ni ya zamani. La huku kusini lilianzia Atlanta mwaka 1895, vyuo vikitaka kukubaliana ni mwanafunzi gani yuko tayari kupokewa. Leo kamisheni yake ya vyuo, SACSCOC, ina makao Decatur, Georgia, na ndiyo ambayo tangu zamani imesimamia vyuo vya majimbo 11 ya kusini, Texas ikiwemo. Ndugu zetu wa Minnesota na Ohio watakutana na HLC ya Chicago, na wa California wana ACCJC, ambayo kazi yake kubwa ni komyuniti koleji. Mambo hayajatulia: mwaka 2025 mifumo ya vyuo vikuu vya umma katika majimbo sita ya kusini ilitangaza kuunda kamisheni yao mpya. Kwa hiyo usikariri jina la shirika. Angalia linalotambuliwa leo.

Ukaguzi wenyewe napenda watu wauelewe, maana ndio unaoonyesha ithibati inamaanisha nini. Chuo hujichunguza kwanza na kuandika ripoti ndefu: hesabu za fedha, sifa za kila mwalimu, maktaba, huduma kwa wanafunzi, wangapi wanamaliza. Kisha inakuja timu ya watu wa vyuo vingine. Si maofisa wa serikali. Mkuu wa taaluma wa chuo cha Alabama anaweza kuwa ndiye anayekagua chuo cha Texas. Baraza la SACSCOC hupiga kura Juni na Desemba. Mzunguko mzima ni miaka 10, na katikati, mwaka wa tano, chuo hupeleka ripoti nyingine. Kikikutwa na kasoro kinapewa onyo, au kinawekwa kwenye hali nzito zaidi ya uangalizi, na taarifa hiyo hutangazwa hadharani.

Hapa watu hushtuka na kukimbia. Chuo chenye onyo bado kina ithibati, na krediti zako, yaani alama za masomo uliyomaliza, ni halali. City College of San Francisco, komyuniti koleji ya California, iliambiwa mwaka 2013 kwamba itavuliwa ithibati mwaka uliofuata. Jiji likaenda mahakamani, mvutano ukachukua miaka, na Januari 2017 chuo kikathibitishwa tena kwa miaka saba. Katika kipindi chote hicho hakikukosa ithibati hata siku moja, lakini wanafunzi wengi sana walikuwa wameshakimbia. Komyuniti koleji ya Compton, kusini mwa Los Angeles, ndiyo iliyovuliwa kweli, mwaka 2006. Kilichowaokoa wanafunzi ni kwamba chuo jirani, El Camino, kiliibeba Compton chini ya jina lake ili madarasa yaendelee na krediti ziwe halali, mpaka Compton ilipoirudisha ithibati yake Juni 2017. Ukisikia chuo chako kina onyo, nenda ofisini uulize sababu. Kama ni fedha, uliza pia kuna mpango gani wa kuwamalizisha wanafunzi endapo chuo kitafungwa. Ni swali la kawaida na wanatakiwa kuwa na jibu.

Lakini yote hayo ni ithibati ya chuo kama chuo, na kwa anayesoma unesi hiyo ni hatua ya kwanza tu.

Programu ya unesi ina watu wake. Kwanza bodi ya unesi ya jimbo. Huku kwetu Texas Board of Nursing ndiyo inayoidhinisha programu, na bila idhini hiyo mhitimu hapati nafasi ya kufanya NCLEX-RN, mtihani wa leseni. Bodi inataka angalau asilimia 80 ya wanaofanya mtihani kwa mara ya kwanza wafaulu, na matokeo ya kila programu inayaweka wazi. Kabla hujapenda picha za maabara kwenye tangazo, soma matokeo hayo. Chuo kizuri kinaweza kuwa na programu ya unesi inayoyumba.

Pili, kuna ithibati ya programu yenyewe, ambayo kwa digrii ya miaka miwili mara nyingi hutolewa na shirika liitwalo ACEN. Si kila programu iliyoidhinishwa na bodi inayo. Unaweza kufanya NCLEX, ukapata leseni na kazi, halafu ukakwama mbele: hospitali za Idara ya Maveterani kwa kawaida huitaka, na baadhi ya programu za kukupandisha kutoka RN (nesi mwenye leseni) hadi shahada ya kwanza, au za uzamili, nazo huitaka. Fani nyingine zina vyombo vyao: JRCERT kwa eksirei, CoARC kwa tiba ya upumuaji. Kwa wasaidizi wa fiziotherapia, ukisoma programu isiyo na ithibati ya shirika la CAPTE, hakuna leseni kabisa.

Binti mmoja wa Tanga, ambaye wazazi wake nawafahamu, alinitumia tangazo la chuo cha binafsi. "Shikamoo dada, hiki kimeandikwa kina ithibati, nilipe?" Marahaba mdogo wangu, nikamjibu, ithibati ya nani, na kwa ajili ya kitu gani? Tukaandika pamoja barua pepe kwa chuo kikuu cha umma anachokitamani, tukauliza kama kingepokea krediti za pale. Jibu lilikuja fupi: hapana. Akajiandikisha komyuniti koleji ya eneo lake.

Jibu lile lina historia. Kwa miaka mingi vyuo vingi vya binafsi vinavyoendeshwa kwa faida vilikuwa na ithibati iliyoitwa ya kitaifa, na komyuniti koleji zilikuwa na ya kikanda. Masikioni mwetu ya kitaifa inasikika kubwa zaidi, kumbe vyuo vikuu vingi viliheshimu ya kikanda. Kanuni za shirikisho ziliacha mgawanyo huo Julai 2020, lakini ofisi nyingi za udahili bado huangalia shirika lililotoa. Na shirika lenyewe linaweza kuanguka. ACICS, lililovipa ithibati vyuo vya ITT Tech ambavyo vilifungwa ghafla Septemba 2016, lilipoteza utambuzi wa wizara mwaka huohuo, likarudishiwa 2018, likaupoteza moja kwa moja Agosti 2022.

Kuhamisha krediti siku zote huamuliwa na anayepokea. Ithibati inafungua mazungumzo, hailazimishi. Texas tuna bahati: saa 42 za krediti za masomo ya msingi, ukizikamilisha zote kwenye chuo cha umma, chuo kingine cha umma cha jimbo hili lazima kizipokee. Ukienda chuo cha binafsi au ukivuka kwenda Oklahoma, sheria hiyo haikufuati.

Mambo mengine nayasema kwa haraka. Ruhusa ya kutoa I-20, fomu ya kuombea viza ya mwanafunzi, inatoka upande wa uhamiaji na haithibitishi ithibati. Chuo kikisema ni mgombea wa ithibati, bado kiko njiani, kwa hiyo uliza kwanza kama unakotaka kuhamia watapokea. Na anayekuuzia cheti cha unesi bila madarasa anakuuzia kesi. Januari 2023 serikali ya shirikisho ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 huko Florida kwa mpango uliotoa vyeti bandia zaidi ya 7,600 kutoka shule tatu za unesi. Baada ya hapo bodi za majimbo zilianza kuwafuatilia waliovitumia, hata wale waliokuwa tayari kazini.

Kuangalia ni bure. Wizara ina hifadhidata ya wazi iitwayo DAPIP. Andika jina la chuo, linganisha na anwani ya kampasi yako maana majina hufanana, na utaona shirika linalokisimamia, hali yake, na programu zenye ithibati zake za pekee. Kisha mwandikie mpokeaji: bodi, chuo kikuu, au mwajiri. Omba jibu kwa maandishi, ulihifadhi.

Na wewe unayefikiria kurudi nyumbani, au unayemsomesha mtoto huku ukitaka cheti chake kifanye kazi Dar, wapokeaji wako ni TCU kwa shahada na NACTVET kwa stashahada na astashahada. Usitegemee digrii ya miaka miwili ihesabiwe kama shahada ya kwanza. Waulize kabla. Tunza pia muhtasari wa kila kozi uliyosoma, ule ambao mwalimu huugawa wiki ya kwanza ya muhula, kwa sababu ofisi za tathmini zinaweza kuuomba miaka kadhaa baadaye, mwalimu akiwa ameshahama na ukurasa wa kozi umeshafutwa.