Kamukunji ya Ramadhani

Kamukunji, yaani mkutano wa wanafunzi, iliitwa baada ya alasiri, na walioipanga saa hiyo sijui walikuwa na akili gani. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2007, nusu yetu tumefunga, na mtu aliyefunga hana subira ya hotuba. Lakini habari yenyewe haikungoja futari. Tarehe 23 Agosti serikali ilikuwa imeipandisha Mombasa Polytechnic, yetu ya Tudor, kuwa chuo kikuu kishiriki chini ya kile cha Jomo Kenyatta cha Juja. Kilifi nako chuo chao cha kilimo kilipandishwa vivyo hivyo, chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Pwani nzima ikishangilia. Sisi wa diploma tumenuna.

Uvumi ulikuwa mwingi. Karakana zitageuzwa kumbi za mihadhara. Karo itapanda. Sisi tulioingia kwa jina la Poli tutatoka na vyeti vya chuo kisichokuwepo tena. Hakuna aliyejua lolote, ndiyo maana kila mtu alikuwa na uhakika.

Aliyeshika kamukunji alikuwa kijana wa Changamwe, tuko naye darasa moja, mdomo wake hauna breki. Alipanda juu ya benchi nje ya karakana ya makanika akaanza kutupasha. Hajamaliza hata dakika kumi, akatoka ndani mzee mmoja na tupa mkononi. Mzee huyu alistaafu bandarini kitambo, lakini hakukaa nyumbani. Kila siku yuko karakana akituelekeza, na hata walimu walimnyenyekea.

"Nyinyi mwalia na nini?" akauliza.

Akaelezwa. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi niliingia hapa 1958, yaitwa MIOME. Jina likageuka 1966. Likageuka tena 1972. Na jiriwa ni hizi hizi."

Watu wakacheka. Hiyo MIOME, kwa wasioijua, ni Mombasa Institute of Muslim Education, iliyoasisiwa mwaka 1948 kwa juhudi za Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni ya Gavana Sir Philip Mitchell, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Sultani kuingia humo si ajabu, maana mwambao huu kwa makaratasi ulikuwa wake mpaka 1963. Masomo yakaanza 1951. Chuo cha Royal Technical cha Nairobi kilipokea wanafunzi wake wa kwanza 1956, nami huwakumbusha watu wa Nairobi hilo kila nikipata nafasi. Mzee alitusimulia wenzake wa bweni waliotoka Unguja na Tanganyika, wakibishana usiku kucha ni wapi pilau hupikwa ikaiva. Mwaka 1966 jina likawa Mombasa Technical Institute, na 1972 likawa hilo la Polytechnic.

Halafu akamgeukia yule kijana, mwenyekiti wetu. "Chuma chako ki wapi?"

Siku zile tulikuwa tukipiga tupa. Unapewa kipande cha chuma, unakibana kwenye jiriwa, unatakiwa ukisawazishe pande zote mpaka kila pembe iwe mraba. Tupa unaipaka chaki ili chembe za chuma zisikwame kwenye meno yake. Ukidhani umemaliza, unaweka guniya, kile kipimo cha pembe mraba, juu ya chuma na kuviinua kwenye mwanga: mwanga ukipenya, kazi bado. Viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, na koo limekauka kwa saumu.

Kijana akakitoa chuma chake mkobani. Mzee akakiwekea guniya, akakiinua kuelekea jua, akatupitishia mmoja mmoja tutazame. Mwanga ulipita kama mlango ulioachwa wazi.

"Nyoosha hiki kwanza," akasema, "hiyo shahada haikimbii."

Nilidhani kamukunji imekwisha hapo. Lakini yule kijana hakushuka kwenye benchi. "Sawa, mzee. Na kikinyooka, kazi iko wapi?"

Mzee akanyamaza kidogo. "Hapo sina jibu," akasema. "Sisi tulichukuliwa na Reli na Bandari, hata mtihani matokeo hayajatoka."

Nilimheshimu kwa kusema hivyo, na mpaka leo naona kijana alikuwa na haki. Kizazi cha mzee kilitoka langoni kikaingia bandari ya Kilindini. Sisi tulikuwa tunatoka langoni tukiwa na bahasha, na kila ofisi inauliza digrii. Digrii yenyewe ulilazimika kuifuata bara. Dada yangu alipata nafasi Chuo Kikuu cha Egerton, huko Njoro, na nyumbani wakakataa: msichana peke yake, mbali vile, kwenye baridi ile? Akaishia kuuza vitambaa Marikiti. Laiti chuo kikuu kingekuwepo Tudor wakati wake. Kwa hiyo nilikuwa nimenuna na wenzangu, lakini si kwa moyo wote.

Tukakubaliana iandikwe barua: karakana zibaki, diploma ziendelee. Kalamu nikapewa mimi kwa sababu ya hati yangu. Nilikuwa kwenye aya ya pili magharibi ilipoadhiniwa, na kamukunji ikavunjika bila kura, watu wakikimbilia tende na uji wa mtama. Mzee alifuturu nasi, amekaa karibu na mwenyekiti, wakizozana bado.

Diploma hazikufutwa. Januari 2013 chuo kilipata hati yake na kuwa Technical University of Mombasa, wakati huo mimi niko kazini Kilindini. Kijana wa Changamwe alirudi pale kuchukua shahada ya uhandisi. Alinipigia simu muhula wa kwanza, amekasirika kweli kweli: wamempa chuma na tupa, na anayemsimamia ni mdogo kwake.